Kodi, Ushuru na Pato: Uhakiki wa Istilahi Zinazotumika Kulinganisha Mapato ya Nchi

1. Utangulizi

Ni nadra siku hizi bajeti kusomwa katika Afrika Mashariki bila kutajwa uwiano wa kodi kwa pato la taifa. Waziri huutaja Bungeni, magazeti huunukuu, walimu wa uchumi huuandika ubaoni, nao wafasiri huuhamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Baada ya hapo nchi huwekwa katika mizani: hii imefika asilimia kadha, ile imeachwa nyuma, basi wananchi wa hiyo iliyoachwa nyuma hawalipi ipasavyo. Maamuzi mazito huweza kujengwa juu ya mizani hiyo. Nchini Kenya, azma ya kuupandisha uwiano huo ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumika kuutetea Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, mswada ambao Rais hakuutia sahihi bali aliuondoa mwezi Juni mwaka huo baada ya maandamano makubwa.

Makala haya hayakusudii kuamua kama wananchi wa nchi yoyote wanatozwa kodi kubwa au ndogo. Hiyo ni kazi ya wachumi na ya wanasiasa. Madhumuni yake ni kuyahakiki maneno ya Kiswahili yanayobeba ulinganishaji huo, yaani kodi, ushuru, tozo, mchango, mapato, pato, kiwango na uwiano. Dai letu ni kwamba kasoro nyingi za ulinganishaji huanzia katika maneno kabla hazijafika katika tarakimu. Lugha yetu haina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Upungufu uliopo ni wa mipaka baina ya maneno tuliyo nayo. Mfasiri huihamisha tarakimu salama, lakini mpaka wake huuacha njiani.

2. Kodi na ushuru

Tuanze na jina lenyewe. Nchini Tanzania, kodi ni jina la jumla la malipo ambayo serikali huwatoza watu: kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya majengo. Neno ushuru limebakiwa na eneo dogo zaidi: ushuru wa forodha kwa bidhaa ziingiazo nchini, ushuru wa bidhaa kwa vitu kama sigara na vileo, na ushuru wa mazao unaokusanywa na halmashauri. Nchini Kenya hali inaelekea kuwa kinyume. Ushuru ndilo jina la jumla linalopendwa na vyombo vya habari, na neno kodi humpeleka msikilizaji kwanza kwa mwenye nyumba. Kodi ya nyumba ni fedha anazolipa mpangaji kila mwisho wa mwezi. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, naye mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Maneno mawili yanayokaribiana kiasi hiki yanataja mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo.

Tofauti hiyo imeingia hadi katika majina ya vyombo vya dola. Chombo cha Tanzania kilichoanza kazi Julai 1996 kinaitwa Mamlaka ya Mapato. Mwenzake wa Kenya, aliyeanzishwa Julai 1995, huitwa na watangazaji wa Kiswahili Mamlaka ya Ushuru. Kwa Kiingereza vyombo hivi vina jina la namna moja. Mtanzania asiye na habari, akisoma takwimu za Mamlaka ya Ushuru, anaweza kudhani kwamba amepewa hesabu ya forodha peke yake. Naye Mkenya akisoma za Mamlaka ya Mapato anaweza kudhani kwamba kila senti ya serikali imo.

Hatupendekezi upande mmoja uamriwe kuacha desturi yake. Pande zote mbili zina historia yake na watumiaji wake. Tunachosema ni kwamba andiko linalovuka mpaka wa nchi halina budi kueleza, mwanzoni kabisa, neno lipi limetumiwa kwa maana ya jumla na lipi kwa maana ya sehemu.

3. Tozo, ada na mchango

Mashirika ya kimataifa yanayokusanya takwimu hayaangalii jina ambalo malipo yamepewa. Huangalia sifa zake. Kwa maana wanayoitumia, kodi ni malipo ya lazima yanayofanywa kwa serikali, ambayo kwayo mlipaji hapewi kitu mahsusi kinacholingana na kile alicholipa. Sifa ni mbili: ulazima, na kukosekana kwa fidia mahsusi. Malipo yenye sifa hizo ni kodi, hata kama sheria imeyaita ushuru, tozo, ada au jina jingine lolote.

Hapo ndipo neno tozo linapostahili kuchunguzwa. Kisarufi ni neno zuri, limetokana na kitenzi kutoza bila taabu. Lilipata umaarufu mkubwa nchini Tanzania mwezi Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza miamala ya fedha kwa simu. Mwezi Septemba mwaka huohuo kiasi kilichotozwa kikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika mjadala wa wakati ule, watu wengi, wakiwamo waandishi, walitumia maneno kodi na tozo kana kwamba ni vitu viwili vya jamii mbalimbali. Lakini aliyetuma fedha kwa simu alilipa kwa lazima, wala hakupata kutoka serikalini huduma mahsusi iliyolingana na kiasi alicholipa. Kwa sifa zile mbili, tozo ile ilikuwa kodi.

Jambo hili si la msamiati tu. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazuia kutozwa kwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina kinga inayofanana nayo. Mwananchi akizoeshwa kuamini kwamba tozo si kodi, atajuaje kuwa kinga hiyo inamhusu? Na mtakwimu akiamini hivyohivyo, ataiacha tozo nje ya jumla ya kodi, nchi ionekane inatoza kidogo kuliko inavyotoza kweli.

Ada nayo ina mpaka wake. Anayelipa ada ya pasi ya kusafiria hupata pasi. Hayo ni malipo ya huduma. Hata hivyo, ada ikizidi mno gharama ya huduma inayotolewa, sehemu kubwa yake huwa imegeuka kodi, na watakwimu huihesabu hivyo.

Neno gumu kuliko yote katika kundi hili ni mchango. Katika Kiswahili cha kila siku mchango ni kitu cha hiari: mchango wa harusi, mchango wa msiba. Lakini mchango wa hifadhi ya jamii ni wa lazima, na hukatwa kabla mfanyakazi hajaushika mshahara wake. Je, ni kodi? Mabingwa wenyewe hawakubaliani. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, linalojumuisha hasa nchi tajiri, huijumlisha michango ya lazima inayolipwa kwa serikali pamoja na kodi. Shirika la Fedha la Kimataifa huihesabu kuwa mapato ya serikali, lakini huiweka katika fungu lake peke yake, nje ya kodi.

Matokeo ya hitilafu hiyo si madogo. Kwa hesabu inayojumlisha michango, kodi za Ufaransa mwaka 2022 zilikuwa takriban asilimia 46 ya pato la ndani, na za Denmark takriban 42. Basi Mfaransa anaonekana kutozwa zaidi. Lakini Denmark hugharimia sehemu kubwa ya hifadhi ya jamii kwa kodi za kawaida na karibu haina michango ya namna hiyo, hali michango ya Ufaransa hufika karibu asilimia 15 ya pato. Ukiiondoa, Ufaransa hushuka hadi takriban 31, na Denmark hubaki karibu pale pale. Nchi ya kwanza imekuwa ya pili kwa sababu ya kuhamisha neno moja tu.

Mfano wa Ujerumani ni mkali zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna tatizo la ziada, yaani serikali ipi inayohesabiwa. Katika jedwali la Benki ya Dunia linalotumiwa sana mashuleni na maofisini, kodi za Ujerumani kwa miaka ya karibuni ni takriban asilimia 11 ya pato. Katika jedwali la Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo ni takriban asilimia 39 kwa mwaka 2022. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Jedwali la kwanza linahesabu serikali kuu peke yake na kuiacha michango nje. La pili linahesabu serikali za majimbo, serikali za mitaa na mifuko ya hifadhi ya jamii pia. Mfasiri akiandika katika majedwali yote mawili “Mapato ya kodi ya Ujerumani”, amemwandalia msomaji ushahidi kwamba nchi hiyo inatoza kodi kidogo kuliko Kenya.

4. Mapato

Neno mapato hubeba mizigo mitatu. Kwanza, ni kile apatacho mtu au kampuni, kama katika kodi ya mapato. Pili, ni kile ipatacho serikali kutokana na kodi, ada, gawio la mashirika na vyanzo vingine. Tatu, katika vitabu vya bajeti, ni fedha zote ambazo serikali inatarajia kuzitumia, zitoke zitokako.

Maana hii ya tatu ndiyo inayohitaji kukemewa. Katika mfumo wa bajeti ya Tanzania unaosomwa kila mwaka, upande wa mapato hujumuisha mapato ya ndani, mapato ya halmashauri, misaada, na pia mikopo, ya ndani na ya nje. Mwishoni huandikwa jumla ya mapato yote. Sasa, mkopo hauwezi kuwa pato la aliyekopa. Mkulima aliyekopeshwa magunia 10 hawezi kusema kwamba amevuna magunia 10. Katika takwimu za kimataifa mikopo haimo kabisa katika mapato. Huwekwa katika sehemu ya namna ya kuziba pengo kati ya mapato na matumizi. Mfasiri akiihamisha “jumla ya mapato yote” neno kwa neno, kisha msomaji wa ng’ambo akailinganisha na mapato ya nchi yake, nchi yenye madeni mengi itaonekana kuwa yenye mavuno mengi.

Aidha, mapato yasichanganywe na kodi. Oman kwa miongo mingi imeendesha serikali yake hasa kwa fedha za mafuta na gesi; kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 5, ilianza kutozwa huko Aprili 2021 tu. Serikali ya namna hiyo inaweza kuwa na mapato makubwa na kodi ndogo. Katika nchi kama hiyo, kulinganisha kodi peke yake hakuelezi uwezo wa serikali, na kulinganisha mapato peke yake hakuelezi mzigo wa raia.

5. Pato

Mpaka sasa tumeangalia sehemu ya juu ya uwiano. Sehemu ya chini, yaani kile kinachogawanya, ina matatizo yake.

Kiswahili cha ofisini hutumia pato la taifa kwa dhana mbili. Ya kwanza ni thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, azalishe mwenyeji au kampuni ya kigeni. Ya pili ni kipato cha wakaaji wa nchi hiyo, kitoke ndani au nje. Kwa nchi nyingi tofauti ni ndogo, na labda kwa sababu hiyo uzembe huu umevumiliwa. Lakini Lesotho, ambayo kwa miongo mingi wanaume wake walikwenda kuchimba madini Afrika Kusini, pato la wakaaji wake lilizidi sana pato la ndani. Ireland ni kinyume chake. Mwezi Julai 2016 ilitangazwa kwamba pato la ndani la nchi hiyo lilikuwa limekua kwa zaidi ya asilimia 26 katika mwaka 2015. Mashamba na viwanda vyake havikuwa vimeongezeka kwa kiasi hicho. Makampuni makubwa ya kimataifa yalikuwa yamehamishia huko haki na mali zao. Ofisi ya takwimu ya Ireland ililazimika, mwaka 2017, kuanza kutoa kipimo maalumu cha pato kilichoondolewa athari hizo. Kodi za Ireland zikigawanywa kwa pato la ndani huonekana ndogo mno kwa nchi ya Ulaya. Zikigawanywa kwa kipimo hicho kipya huonekana za kawaida.

Mabadiliko ya mwaka wa kizio nayo hayana budi kutajwa. Kila baada ya muda watakwimu huchagua mwaka mpya wa kupimia, huongeza shughuli zilizokuwa hazihesabiwi, na pato huonekana kubwa zaidi. Ghana ilifanya hivyo mwaka 2010 na pato lake likaongezeka kwa takriban asilimia 60. Nijeria ilifanya hivyo mwaka 2014, nyongeza ikawa asilimia 89, na nchi hiyo ikaipita Afrika Kusini. Mwaka huohuo Kenya iliongeza takriban asilimia 25 na kuingia katika kundi la nchi za kipato cha kati; Tanzania nayo ikahama kutoka mwaka wa kizio 2001 hadi 2007.

Tuone maana yake kwa hesabu nyepesi. Nchi ilikuwa ikikusanya kodi ya shilingi 20 katika kila shilingi 100 za pato. Baada ya kubadili kizio, zile 100 zinaonekana kuwa 125. Kodi ni ileile 20, lakini uwiano sasa ni asilimia 16. Hapana raia aliyelipa pungufu hata senti moja. Lakini mwandishi akiandika kwamba ukusanyaji wa kodi umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 16, amewashutumu walipaji kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Hata jina la nchi laweza kupotosha. Takwimu za pato zilizochapwa na Benki ya Dunia kwa jina la Tanzania zimekuwa na tanbihi kwamba zinahusu Tanzania Bara tu, kwani Zanzibar ina ofisi yake ya takwimu. Tanbihi hiyo huanguka mara nyingi wakati wa kufasiri.

6. Kiwango na uwiano

Kosa hili linaweza kuelezwa kwa ufupi. Kiwango cha kodi ni kile kilichowekwa na sheria: kwa kodi ya ongezeko la thamani, kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya ni 16. Uwiano wa kodi ni kile kilichokusanywa kikilinganishwa na pato. Kiwango cha Tanzania ni cha juu, lakini kwa miaka mingi uwiano wa Kenya ndio uliokuwa juu. Anayeandika “kiwango cha kodi” kwa maana zote mbili hawezi kumweleza mwanafunzi jambo hilo, wala mwanafunzi hataelewa kwamba sheria inaweza kusema sana na ghala likajaa kidogo.

7. Hoja ya urahisi

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba msomaji wa kawaida atachoshwa na majina marefu. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu istilahi isiyotamkika haitumiki. Lakini hatudai majina marefu. Neno ndani lina herufi tano, na linatosha kutenga pato moja na jingine. Isitoshe, msomaji wa kawaida ndiye anayelipa. Anapoambiwa kwamba wenzake wa nchi jirani hulipa zaidi, anayo haki ya kujua ni wenzake wepi, wanalipa nini, na kimegawanywa kwa nini.

8. Mapendekezo

Kwa ajili ya watafsiri, walimu na watumishi wa serikali, twapendekeza yafuatayo:

(a) Katika maandiko ya kulinganisha nchi, kodi itumike kuwa jina la jumla la malipo yote ya lazima kwa serikali yasiyo na fidia mahsusi. Ushuru ubaki kuwa aina ya kodi, na pale unapotumika kwa maana ya jumla jambo hilo lielezwe.

(b) Tozo lisihesabiwe kuwa aina ya pekee ya malipo. Kila tozo ipimwe kwa sifa zake, kisha iwekwe katika kodi au katika ada.

(c) Mchango wa lazima wa hifadhi ya jamii uandikwe hivyo kwa ukamilifu, na kila jedwali liseme kama umo au haumo.

(d) Mapato yasijumuishe mikopo. Jumla ya fedha zote za bajeti iitwe vyanzo vya fedha za bajeti.

(e) Pato la ndani litumike kwa uzalishaji uliofanyika ndani ya mipaka ya nchi, na pato la taifa kwa kipato cha wakaaji wake. Mwaka wa kizio utajwe kila mara.

(f) Kiwango kitumike kwa asilimia ya sheria, na uwiano kwa asilimia ya pato.

(g) Chini ya kila jedwali la ulinganishaji yajibiwe maswali manne: serikali ipi, malipo yapi, pato lipi, mwaka upi. La mwisho ni muhimu kwa kuwa mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai, ilhali pato hupimwa aghalabu kuanzia Januari.

Baraza la Kiswahili la Taifa limekwisha kutoa orodha nyingi za tafsiri sanifu, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar inayo nafasi ya kuzikutanisha desturi za nchi mbalimbali. Yafaa vyombo hivi viwaite meza moja wanaisimu, watakwimu na watumishi wa hazina kabla bajeti nyingine hazijasomwa. Ni matumaini yetu kwamba wasomaji watayapima mapendekezo haya, watayasahihisha panapostahili, na wataleta maoni yao katika kurasa hizi.